Mwanza Niliyoijua Mimi

Mwaka tulipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, mimi na mke wangu Verediana tulipewa zawadi ya safari. Misa ya jubilei ilisomwa parokiani, chakula kikaliwa chini ya turubai hapa nyumbani Gehandu, na kabla watu hawajatawanyika binti yetu Doris, ambaye ni muuguzi Babati, akashika kipaza sauti. Akatangaza kwamba yeye na kaka yake Kelvin wanataka wazazi wao wapate fungate, kwa sababu tulipooana hatukuipata. Hiyo ni kweli. Siku ya tatu baada ya harusi yetu tulikuwa uwanjani tunapura maharage, na hakuna mtu aliyeona ajabu.

"Mama, chagua mji wowote," Doris akasema.

Verediana hakufikiri hata kidogo. "Mwanza," akajibu. "Baba Kelvin anaijua."

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikapiga makofi pamoja nao, nikiangalia njia ya kutokea.

Hapa inabidi nieleze jinsi nilivyoijua Mwanza. Mwaka 1997, kabla sijaoa, nilikuwa mpakiaji kwenye lori lililobeba maharage kutoka Katesh. Dereva aliitwa Yoakimu. Tulifika Mwanza mimi nikiwa nimelala juu ya magunia, nimejifunika turubai. Nilipoamka tulikuwa ndani ya ua wa ghala na geti limeshafungwa. Tukashusha mzigo, tukanywa chai na chapati tumekaa chini, Yoakimu akawasha gari, nami nikalala tena. Niliposhtuka tulikuwa tumeshaiacha Shinyanga. Kwa hiyo katika jiji zima la Mwanza mimi niliona ukuta wa matofali na paka mmoja mwenye mkia mfupi.

Ila wakati huo nilikuwa namchumbia msichana wa Masieda, kule Mbulu, na kwao walikuwa wanakuja vijana wengine ambao baba zao walikuwa na ng'ombe kuliko baba yangu. Mimi sikuwa na ng'ombe wa kutaja. Nikataja Mwanza. Nikamsimulia ziwa lisilo na ng'ambo, meli zenye ghorofa, samaki wa kubebwa na watu wawili, na Jiwe la Bismarck, ambalo nilikuwa nimelisikia tu kwa Yoakimu njiani. Verediana akanikubali. Sasa mtu ukishaoa kwa habari za Mwanza, unaanzia wapi kusema kwamba uliona paka? Kila mwaka nikawa naongeza kidogo. Kelvin alipokuwa darasa la nne, mwalimu wake aliniita nikawaeleze watoto habari za Ziwa Viktoria. Nilikwenda, nimevaa koti. Niliongea nusu saa na nikapigiwa makofi.

Jioni ya jubilei Doris akaniuliza, "Baba, nikutafutie hoteli nzuri kwenye simu?"

"Mimi? Mwanza?" Nikacheka kama mtu aliyeulizwa kama anajua njia ya kwenda chooni kwake. "We lete nauli tu."

Na sitaficha, kulikuwa na jambo jingine. Bomba langu la kupulizia dawa lilikuwa linavuja, na nilishapiga hesabu kwamba tukilala mahali pa bei nafuu, fungate itabakiza bomba jipya. Nikatafuta mwenyewe kwenye simu mpaka nikapata nyumba ya wageni iliyoitwa Mandhari ya Ziwa. Bei yake ilinifurahisha kuliko picha, ingawa picha nazo zilikuwa nzuri: ziwa la buluu, kitanda cheupe, na juu ya kitanda taulo mbili zimekunjwa zikawa mabata yanabusiana.

Tulipanda basi Katesh asubuhi. Verediana alivaa kitenge kipya, akabeba kibuyu cha maziwa ya mgando na chapati za njiani. Alinipa mimi kiti cha dirishani ili nimweleze tunapopita. Nikawa nasoma vibao vya barabarani kwa jicho la pembeni, kisha natangaza.

"Hapa ni Igunga," nasema, kwa sauti ya mtu mwenye shamba Igunga.

"Kumbe," anasema yeye.

Tuliingia stendi ya Nyegezi jua linaelekea kuzama. Madereva wa bajaji wakatuzunguka, wananiita mzee, nami nikawaambia kwa ukali kwamba mimi mwenyeji. Tukachukua mmoja aliyekuwa kimya. Akaniuliza, "Mandhari ya Ziwa ni ile ya mlimani au ya kule chini?" Nikajibu, "Ile ile." Tukazunguka karibu saa nzima kwa ajili ya jibu hilo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mlimani. Mapokezi alikuwepo dada mmoja, jina lake Mary, ambaye alitusalimia kwa adabu sana. "Shikamoo baba, shikamoo mama. Poleni na safari." Akafungua daftari, akatoa ufunguo wenye kipande cha mti kikubwa kama mpini wa jembe. "Vyumba vyetu tumevipa majina ya mikoa," akasema. "Kilimanjaro kimejaa, Kagera kimejaa. Ninyi nitawapa Manyara."

Verediana akaweka kibuyu chini, akashika mdomo. Alicheka mpaka machozi. "Baba Kelvin," akasema, "tumetoka Manyara, tumesafiri siku nzima, tuje kulala Manyara!"

Manyara ya Mwanza ilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja, na chandarua kilichoning'inia kwenye msumari uliokuwa upande mwingine wa chumba, juu ya kiti. Ungetaka kujikinga na mbu ulale umekaa. Runinga ilikuwepo, ila rimoti ilikaa mapokezi na kuazimwa kwa zamu. Mabata ya taulo sikuyaona. Nilifungua pazia kwa madaha ili mke wangu alione ziwa, na tukaona ukuta. Ulikuwa ukuta wa matofali, karibu kiasi cha kuugusa. Niliuangalia kwa hofu kidogo, kama ndugu tuliyepotezana naye.

Nikatoka kwenda kwa Mary. "Dada, kwenye simu mmeandika ziwa linaonekana."

"Linaonekana baba."

"Wapi?"

"Ukipanda kwenye tangi la maji." Akanionyesha ngazi ya chuma nyuma ya nyumba. "Wageni wengi wanapanda asubuhi, wakati hakuna upepo."

"Na maji ya kuoga?"

"Maji leo hayajatoka. Nitawaletea ndoo."

Nilirudi na ndoo ile chumbani nikitafuta maneno. Kwetu Gehandu tunalisha ng'ombe ukame na jua, na bado sijawahi kukosa maji ya kunawia uso; hapa liko ziwa ambalo nilikuwa nimefundisha darasa zima kwamba halina mwisho, na tumepewa ndoo moja. Verediana aliniuliza, "Hata zamani ilikuwa hivi?"

"Zamani ilikuwa nafuu," nikasema.

Asubuhi hatukuamshwa na jogoo. Ule ukuta upande wake wa pili ulikuwa ni wa mafundi wa kuchomea vyuma, na walianza kazi saa kumi na mbili kamili kwa kupiga nyundo kitu kilichosikika kama kengele ya kanisa iliyopasuka. Nikaamka kichwa kinauma, mbavu zimechapwa na chaga za kitanda, na shavu moja limevimba kwa mbu. Nikajipa moyo. Nikamwambia mke wangu avae vizuri, leo nampeleka kwenye Jiwe la Bismarck.

"Tumuulize Mary njia," akasema.

"Ya nini?"

Jambo ambalo mtu asiyeijua Mwanza hawezi kulijua ni kwamba Mwanza ni mawe matupu. Mawe yamekaa juu ya mawe, nyumba zimekaa katikati ya mawe, mbuzi wamekaa juu ya yote. Mimi nilidhani nikitembea kwa hakika nitaona jiwe moja kubwa, watu wamelizunguka, na kibao. Tulitembea. Tulipanda ngazi za watu, tukapita katikati ya nguo zilizoanikwa, tukashuka, tukapanda tena. Verediana alivua viatu akavishika mkononi. Ilipofika saa tano, jua limeshakuwa kali, miguu yangu ikakataa, na pale ilipokatalia palikuwa na jiwe kubwa kweli kweli, la mviringo, limesimama juu ya jingine bapa.

Nikasimama. Nikanyoosha mkono. "Hilo," nikasema.

Verediana akaliangalia. "Ulisema liko ndani ya maji."

Sijui lile jibu lilitoka wapi. Nafikiri miaka ishirini na mitano ya kusema uongo inamfanya mtu awe na akiba. "Maji yamerudi nyuma," nikasema. "Tabianchi hiyo."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikamwambia Wajerumani ndio waliolipa jina. Nikamweleza vipimo vyake. Nikamsimamisha mbele yake, nikampiga picha, kisha nikamwomba kijana mmoja apitaye atupige wawili, na papo hapo nikaituma kwenye kundi letu la familia kwenye simu: "Mimi na mama yenu Jiwe la Bismarck. Historia kubwa sana."

Nilikuwa bado naeleza wakati mlango wa nyumba iliyo nyuma ya jiwe ulipofunguka, akatoka mama wa makamo amebeba beseni la dagaa kichwani. Jina lake, kama alivyotuambia baadaye, Genoveva. Alituangalia, akaliangalia jiwe, akatuangalia tena.

"Karibuni wageni. Mnataka dagaa?"

"Asante mama, hapana," nikasema. "Tunatazama jiwe hili la kihistoria."

"Hili?" Akashusha beseni. "Hili la bibi yangu. Tunaanikia dagaa." Na akapanda juu ya Bismarck kwa miguu mitupu, akaanza kupanga dagaa mmoja mmoja kwa mstari.

Simu yangu ikaanza kulia mfukoni. Kelvin alikuwa ameandika, "Baba, mbona hilo silo?" na chini yake akaweka picha ya jiwe lenyewe, limesimama katikati ya maji, na maji hayajarudi popote. Doris hakuandika neno, alituma vikatuni vya kucheka, mstari mzima.

Sina haja ya kueleza uso wangu ulikuwaje. Nilijiweka chini kwenye ngazi ya yule mama nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nilitegemea Verediana akasirike, na ningefurahi kama angekasirika. Yeye alikuja akakaa pembeni yangu, akaweka viatu vyake chini.

"Verediana," nikasema, "mimi Mwanza hii siijui. Nililala kwenye lori. Niliona ukuta na paka."

"Mkia mfupi," akasema.

Nikageuka. "Nani kakwambia?"

"Yoakimu. Siku ya ubatizo wa Doris. Alikunywa kidogo akanieleza yote."

Doris ana miaka ishirini na mitatu. Nilianza kukumbuka jioni zote hizo, moto unawaka, mimi nasimulia meli zenye ghorofa, naye amekaa pale anachambua maharage anaitikia, "Kumbe, kumbe." Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, halafu jioni ningesikiliza nini?" Akafuta jasho kwa pindo la kitenge. "Wewe ulikuwa unasimulia vizuri. Mwaka mmoja uliongeza twiga akaogelea, hapo nilitaka kukuzuia."

"Na juzi mbele ya watu wote ukachagua Mwanza!"

"Nilitaka kuona utafanyaje," akasema. Na akaanza kucheka tena kama alivyocheka mapokezi, na Genoveva aliye juu ya jiwe, ambaye alikuwa amesikia yote, akacheka pia mpaka dagaa wakamwagika.

Ni Genoveva aliyetuokoa. Alituingiza ndani, akatupa maji ya kunywa, akasema hatuwezi kuondoka Mwanza bila kula samaki. Sisi kwetu samaki si chakula tulichokulia. Wazee wetu hata kumtaja hawapendi. Lakini nilikuwa nimeshamsimulia mke wangu jinsi nilivyokula sato wangapi na wangapi, nikaona hapa angalau nitajitahidi. Akaletwa sato mzima, kichwa na macho. Aliniangalia. Nilimega upande wa mkia ili tusionane, nikameza, na mwiba ukasimama kooni. Nilikohoa, nikatoa machozi, nikapigwa mgongoni na wanawake wawili kwa zamu, nikalazimishwa kumeza matonge ya ugali bila kutafuna mpaka mwiba ukashuka. Verediana alimaliza samaki wake wote, akatafuna hata mapezi. Akaomba na mchuzi.

Kuanzia hapo uongozi ulihama. Sikuombwa kuutoa, niliona tu umeondoka. Verediana aliuliza njia. Aliuliza kila mtu: muuza mahindi, mlinzi, mzee aliyekuwa anasoma gazeti. Anasalimia kwanza, shikamoo kwa anayestahili, habari za nyumbani, habari za kazi, kisha ndipo anauliza, na watu wakawa wanatusindikiza hatua kadhaa ili tusipotee. Tulipofika Mandhari ya Ziwa alimwendea Mary, wakaongea kidogo kwa sauti ya chini, na Mary akatuhamishia Kagera, ambako chandarua kilikuwa juu ya kitanda. Bei ileile. Nilimwuliza alimwambia nini. "Nilimwambia ni fungate," akasema.

Kesho yake alinipeleka kwenye Jiwe la Bismarck. Liko hapo karibu na kivuko cha Kamanga, wala halijifichi. Mtoto wa siku tatu angeliona. Limekaa juu ya mawe wenzake majini kama mtu aliyepanda kitini kusikiliza hotuba. Nilisimama nikalitazama sana. Nilikuwa nimelieleza mara nyingi mno, na katika kulieleza kwangu lilikuwa kubwa kuliko hivi, lakini rangi sikuwahi kuipatia. Kuna weusi na weupe umetiririka ubavuni, sijui ni ndege au ni mvua. Verediana hakusema lolote kuhusu tabianchi.

Akasema anataka kuvuka maji. Maisha yake yote hajawahi kuwa juu ya maji. Mimi pia, lakini sikuwa nimetaka. Tukapanda kivuko pamoja na malori, pikipiki, akina mama na matenga yao, watu wa kila siku wanaovuka kama sisi tunavyovuka barabara kwenda gulioni. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Kivuko kilipoachia gati na mimi nikaona maji yanapanuka kati yetu na nchi kavu, nikaanza kutafuta kitu cha kushika. Juu ukutani niliona majaketi ya kujiokolea yamefungwa. Nikafungua moja nikalivaa. Nililivaa kichwa chini, kamba zikanipita usoni. Nikakaa katikati kabisa ya kivuko, nikakumbatia nguzo.

Mfanyakazi mmoja akaja akainama. "Mzee shikamoo. Hayo ni ya dharura."

"Marahaba," nikamwambia. "Mimi ni dharura."

Akaniacha. Verediana alikuwa amesimama mbele kabisa, ameshika chuma, kitenge kinapigwa na upepo. Alikuwa anaongea na akina mama wa matenga, halafu wao wakaacha kuongea naye akabaki anatazama mbele peke yake. Nilimwona kwa nyuma tu. Alikuwa amesimama vile vile alivyokuwa anasimama kwao Masieda jioni, zamani, akisubiri ng'ombe waingie zizini, uzito wote kwenye mguu mmoja. Nilitaka kwenda kusimama naye. Nilifika nusu ya njia, kivuko kikatikisika kidogo, nikarudi kwenye nguzo.

Alipogeuka kunitafuta akanikuta hivyo, nimekumbatia chuma, nimevaa jaketi la rangi ya chungwa juu chini, kwenye jua kali, kati ya watu mia wasiovaa chochote cha namna hiyo. Akatoa simu. Nilipiga kelele, "Mama Kelvin, usi—" Alikuwa ameshatuma.

Picha hiyo mpaka leo Doris ameiweka kwenye simu yake, inatokea nikimpigia. Manesi wenzake Babati wananijua kwa jaketi. Mwaka huo bomba la dawa sikununua, maana Verediana alitaka tukae siku moja zaidi, na tukakaa, na tukavuka tena. Mara ya pili nilivaa jaketi vizuri.

Kilichotokea baada ya hapo ni kwamba mke wangu ameonja safari. Akina mama wa parokia walipotaka kwenda kuhiji Bukoba walimchagua yeye kuwa mkuu wa msafara, kwa sababu anajua kuuliza. Wiki hii ameondoka tena nao, safari hii Kigoma, siku sita. Kila jioni ananipigia, anasikika ana upepo nyuma yake, anauliza kama nimekula na kama nimekamua. Nimekula makande ya juzi. Nimekamua, ila yule ng'ombe mwekundu hakubali mkono usio wa Verediana, na leo asubuhi amenipiga teke la goti, maziwa yote yakamwagika na ndoo ikabonyea. Habari ya ndoo sijamwambia bado.